Akaunti ya Kamari kwa Jina Langu

Binamu yangu aliniomba jina tu, kana kwamba jina ni kijiko cha kuazimana. Nilikuwa naishi kwake Malvern, ughaibuni, na mama yake ndiye aliyenilipia ada ya shule, kwa hiyo nilishindwa kukataa. Akanifungulia akaunti kwenye mtandao wa kamari ambako watu huwekeana dau wenyewe kwa wenyewe. Katika akaunti nyingine aliingiza pesa za kadi za wizi, akacheza dhidi ya akaunti yangu, kijinga makusudi. Kila aliposhindwa kule, mimi nilishinda huku. Ushindi uliingia benki kwangu, naye akauchukua.

Mama yangu alipofariki Morogoro, watu wa kanisa letu la huku walinichangia nauli ya kwenda kumzika, wakaituma kwenye akaunti yangu ya benki. Kesho yake benki ikaifunga kwa sababu ya zile pesa za kamari. Mama akazikwa mimi nikiwa kwenye kochi la binamu, nasikiliza mazishi kwa simu.

Jumapili wakanichangia tena, angalau nikalione kaburi. Aliyepitisha kikapu ni binamu yangu. Alitia noti ya kwanza yeye mwenyewe, watu wakampigia makofi. Nami nikasimama mbele yao, nikamshukuru.