Sori ya Mwelu

Mwelu Kilonzo wa Kimbo, Ruiru, hajawahi kumchoma mtu kwa maji moto. Naliweka hilo wazi kwa sababu kuna barua ya wakili huko Uingereza inayosema amekiri.

Mwelu hupokea simu za wateja wa kampuni moja ya huko inayouza mabirika ya umeme. Hufanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya chakula. Kiingereza anakijua sana. Kilichomponza ni neno moja. Kwetu ukijikwaa, hata mtu aliye ng'ambo ya barabara atakwambia "sori." Hajakusukuma. Ni pole iliyovaa suti.

Basi mama mmoja akapiga simu: birika limemchoma mkono. Mwelu akasema, "Oh, sori! Sori sana!" Wakili wa yule mama akazinukuu sori zote mbili.

Msimamizi wake, Kahiga, akampigia akiwa Thika. "Mwelu, ukisema sori tena unaenda home. Siwezi kukutetea."

"Sasa mtu akiumia nimwambie nini?"

"Mwambie, 'I understand.'"

"Na kama si-understand? Mimi sijachomeka."

"Mwelu, please."

Ana watoto wawili, kwa hivyo akatii. Miezi minne alielewa kila kitu. Mimi jirani yake nilibana kidole kwenye mlango wake, akaniambia, "I understand." Nilimkasirikia, kusema kweli.

Kisha akapiga mzee mmoja aliyetaka jina la mkewe liondolewe kwenye garantii ya birika. Mkewe amefariki. Mwelu akaanza, "So—", akajizuia. Nilikuwa pale nikikata mboga ya sukuma, nikaona machozi yanamtoka.

"Pole," akasema. "Pole sana, baba."

Mzee akauliza neno hilo lina maana gani. Mwelu akamweleza kwa Kiingereza kwamba ni la kwetu, na husemwa na mtu ambaye hana kosa lakini ameumia pamoja nawe. Mzee akamshukuru.

Simu zote hurekodiwa. Kesho yake Kahiga akapiga. Mwelu alikuwa ameshajiandaa kufutwa kazi.

"Nimesikiza," Kahiga akasema. "Hiyo neno haiko kwa list ya zile zimekatazwa." Kisha akaongeza, "Mathe wangu alipofariki, hiyo mwezi ya nne, wewe uliniandikia 'I understand.'"

"Si ni wewe ulinikataza?"

"Ni mimi."

"Pole, Kahiga," Mwelu akasema.

"Asante," Kahiga akasema. Lakini simu hakuikata.