Funda Moja la Sake

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, mbali na mji wetu huu wa Ibra, katika mji mdogo wa Japani. Nilikuwa kijana, ndio kwanza nimeajiriwa na Bwana Nasor, tajiri wa tende. Tulikwenda kuuza mabsali, zile tende za mkoa wetu wa Sharqiyah zinazochemshwa na kuanikwa, kwa mzee mmoja mwenye duka la vitamutamu na kiwanda cha pombe ya mchele. Hilo la kiwanda Bwana Nasor alilijua. Mimi sikuambiwa.

Mzee akatupokea kwa heshima, tukavua viatu, tukakaa mkekani. Binti yake, aliyekuwa akitufasiria kwa Kiingereza, akaleta chupa iliyozungushiwa barafu na vikombe vidogo vya udongo. Nikamuuliza Bwana Nasor kwa Kiswahili, "Hiki nini, ami?"

"Maji ya mchele," akanijibu. "Mabichi, hayajapikwa hata kidogo. Kunywa, usitutie aibu."

Nilimwamini, mtu mzima, swala tano, mtu wa kwetu. Nikanywa funda. Baridi, tamu kama tikiti lililoiva, likachezacheza ulimini. Halafu, ya Rabbi, joto likateremka kifuani. Nikamgeukia yule binti nikamuuliza ni kitu gani. Akanijibu kwa fahari kwamba ni sake, bora kuliko zote walizonazo. Haipitishwi motoni kama nyingine, ndiyo maana hukaa kwenye barafu.

"Pombe?"

"Ndiyo. Hukuambiwa?"

Nikakiweka kikombe chini. Bwana Nasor alikuwa akicheka! "Funda moja tu, yakhe. Biashara hii."

Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile damu hunichemka. Dini yangu ndiyo iwe bakhshishi ya kumpa mteja?

Mzee akamuuliza bintiye kuna nini. Alipofasiriwa, uso ulimbadilika. Akaiondoa chupa mbele yetu, akaniinamia mpaka kipaji cha uso kikakaribia mkeka, kisha akamkabili tajiri wangu, binti akifasiri.

"Kinywaji hiki nakitengeneza msimu mzima wa baridi ili mtu akinywe kwa ridhaa yake. Ukimdanganya mgeni wangu kwa kikombe changu, umenitukana mimi. Na tende zako sizitaki. Aliyemhadaa kijana wake, mimi atanifanyaje?"

Hakuwa Mwislamu, mwanangu, lakini haki aliijua. Wahenga hawakukosea: akumulikaye mchana, usiku atakuchoma.

Tuliporudi, Bwana Nasor akatangaza sokoni kwamba mimi ndiye niliyeharibu biashara kwa ushamba wangu. Na watu, subhanallah, wakamsadiki! Baba yangu mwenyewe akaniambia bora ningenyamaza. Kazi nikaiacha, lakini kunyamaza sikukubali.

Ndiyo maana nilifoka jana nilipokukuta na wenzako mnacheka na simu, mnamtazama mtu analishwa haramu kwa mzaha. Mzaha gani huo? Basi sikia. Kikombe usichokijua, uliza, na umuulize aliyekiandaa, si yule anayekuhimiza ukinywe. Mwenye imani yake muachie imani yake, awe Mwislamu au asiwe. Usimtie mtu mdomoni asichokiridhia. Na ukidanganywa sema, hata wakikuita mshamba.

Mola akupe riziki ya halali, akupe marafiki wasiokuhadaa, na moyo usioona haya kusema hapana mbele ya wakubwa. Amin.