Mbuzi wa Pangoni

Blandine anaosha mifupa kwa mswaki. Ndiyo kazi yake, msicheke! Kila asubuhi hupanda kilima cha Old Kampala hadi stoo ya watafiti, akasugua mifupa iliyochimbuliwa katika pango walimozikwa watu wa kale, kisha akaianika kwenye sinia. Majirani zake wa mtaa wa Kansanga walipojua, walikataa hata kumpa mkono. Yeye akawaambia mchagua jembe si mkulima, na mwishowe wakazoea.

Siku moja likaja sanduku la mifupa ya bibi mzee, na pamoja nayo mifupa ya mbuzi. Mswaki ukasimama. Mama yake Blandine alifia Beni, kule Kongo, huku binti ameshakimbilia Kampala. Alizikwa na wapita njia, bila matanga, bila hata kuku wa kuchinjwa. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kumbe bibi huyu wa zama hizo alipewa mbuzi! Basi wafu hawaachwi hivi hivi, akajiambia, hakosekani mtu wa kuwakumbuka. Tangu siku hiyo akawa anaimba kazini.

Aliimba mpaka Akech, dada wa Kikenya anayesimamia stoo, alipouinua mguu wa yule mbuzi dirishani.

"Mama Reine," akamwambia Blandine, "tazama mikwaruzo hii. Ni meno ya nungunungu. Huokota mifupa porini akaenda kuitafuna pangoni. Mbuzi huyu aliletwa miaka mingi baadaye."

"Kwa hiyo bibi hakupewa kitu?"

"Hatujui, mama. Ila mbuzi huyu si wake."

Lo! Ukweli hauna haya. Blandine alisugua mfupa uleule hadi jioni, machozi yakidondokea beseni, na nungunungu wote duniani akawachukia.

Lakini si mtu wa kususa. Jumapili baada ya ibada alichinjisha mbuzi, akasonga ugali, akaita majirani. Akech naye alikuja, akiona haya kidogo. Watu wakala, wakaimba, na Blandine akalitaja jina la mama yake kwa sauti, Kavira, mara ya kwanza tangu msiba.

Walipomaliza akakusanya mifupa kwenye sahani, akaiosha kwa mswaki, akaifukia nyuma ya nyumba, chini kabisa. Akaushindilia udongo kwa kisigino.

"Huyu," akamwambia Akech, "ni wa mama yangu."