Nani Alikuwa Anamaliza Maji ya Kwenye Chupa?

Nusura bibi wa watu auawe kwa sababu ya maji ya moto.

Sitanii. Maji ya moto ya kwenye chupa. Na mdomo ulioanzisha balaa lile ulikuwa wangu.

Ilikuwa 1995, Sapiwi, huku Bariadi. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini, na maduka ya mjini yamejaa vitu ambavyo zamani tulikuwa tunavisikia tu. Mume wangu, Shija, akauza pamba, akalipwa mvua zikiwa zimeshaanza. Nikajua sasa tunapata baiskeli.

Akarudi na chupa.

Chupa kubwa ya chai, ina maua mekundu, ila hii humimini. Unaiweka mezani, unabonyeza kichwani, maji yanatoka mdomoni fyuuu, yanaunguza.

"Shija, baiskeli iko wapi?"

"Onja maisha kwanza, Nyamizi," akanijibu huku anacheka.

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikanyoosha mikono.

Nyie mliozaliwa mkakuta gesi hamuwezi kuelewa. Nilikuwa na mtoto wa miezi saba. Kila akitaka kitu cha moto, napiga magoti kupuliza miti ya pamba iliyolowa mvua. Moshi, machozi, mtoto analia, na mimi nalia.

Sasa nachemsha mara moja tu alfajiri, najaza chupa, basi. Uji umepoa? Bonyeza kidogo, koroga. Mgeni kaja? Bonyeza, chai hiyo. Mtoto kajichafua? Bonyeza, changanya na ya baridi, mwogeshe. Mpaka jioni maji bado yana moto.

Mama mkwe wangu, Kwandu, tuliyekuwa tunakaa naye, hakuipenda kabisa.

"Mkamwana, maji yanabakije ya moto bila moto? Mimi siyagusi hayo."

Sawa. Sikubishana naye.

Wiki ya pili, maji yakaanza kuisha.

Najaza alfajiri, nambeba mtoto mgongoni, naenda kupalilia. Narudi saa sita, nabonyeza: kroo, kroo. Hewa tupu.

Shija alikuwa amepeleka ng'ombe malishoni huko Shishiyu, analala hukohuko. Nyumbani anabaki mama mkwe peke yake.

"Mayu," nikamwita, yaani mama, "umetumia maji?"

"Si nimekwambia siyagusi?" Akageuka, mikono kaificha ndani ya khanga.

Nikakosa raha. Naipapasa chupa chini kama imetoboka. Kavu. Naangalia sakafu. Kavu. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Nikawa nikiwa shambani napiga jembe mara tatu, nageuka kutazama nyumbani.

Siku moja kisimani nikamwambia jirani yangu Joyness, nusu utani:

"Shoga, kwetu kuna mtu haonekani, anakunywa maji ya moto."

Hakucheka. Akatua ndoo.

"Yule bibi wa macho mekundu si mnakaa naye boma moja?"

Alikuwa anamsema Milembe, mke mkubwa wa marehemu baba mkwe. Hakujaliwa mtoto. Kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa uwanja wetu. Yeye na Kwandu walikuwa hawasemeshani tangu kabla Shija hajazaliwa.

Na miaka ile kwetu, bibi mwenye macho mekundu hakuhitaji kosa lingine ili aitwe mchawi.

Nilipaswa kusema hapana. Nikasema, "Labda."

Neno moja tu hilo.

Siku ya tatu akaja Mayige, mume wa Joyness, akanikuta peke yangu. Hata kiti hakukaa.

"Mwambieni yule bibi, Jumamosi isimkute hapa. Ikimkuta, tusilaumiane."

Nilijua maana yake. Kijiji cha jirani kulikuwa na bibi aliyeambiwa hivyohivyo, hakuondoka. Walimkuta amekufa, ana majeraha ya panga.

Ijumaa asubuhi nikabeba jembe kama naenda shambani, nikazunguka, nikarudi kwa nyuma ya ua wa minyaa, nimvizie anayemaliza maji. Mtoto mgongoni, naomba Mungu asilie.

Mara namwona Kwandu anatoka na chupa. Anaangalia kushoto, anaangalia kulia. Anavuka uwanja. Anaingia kwa Milembe!

Nikasogea mpaka mlangoni.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti. Anabonyeza maji kwenye bakuli, anatia chumvi kidogo, anachovya kitambaa, anamfuta mke mwenzake macho. Taratibu.

"Mayu!"

Akashtuka, bakuli likamwagika.

"Usimwambie mtu!"

"Kwa nini?"

"Niliapa mbele ya mume wetu kwamba huyu sitamgusa mpaka kufa." Akaokota bakuli. "Lakini umeyaona macho yake? Moshi umeyala. Asubuhi hayafunguki mpaka yapate maji ya moto. Na kuwasha moto mwenyewe hawezi, haoni."

Nikakaa chini palepale. Nikawaeleza ya Mayige, yote. Ila sehemu yangu ya kule kisimani nikaiacha. Niliogopa.

Jumamosi saa tisa alasiri wakaja. Wanaume wanane, wana marungu.

"Atoke," akasema Mayige.



Kwandu akatoka ndani kaikumbatia chupa na bakuli. Akaweka kigoda katikati ya uwanja. Akaenda kumshika mkono Milembe, mbele ya macho yao wote, akamleta, akamkalisha.

Akabonyeza. Fyuuu. Mvuke ukapanda.

"Mnamtafuta anayemaliza maji? Ni mimi. Namwosha huyu macho. Haya, mchawi ni nani hapo?"

Akachovya kitambaa, akaanza kumfuta. Alifuta jicho moja, akahamia la pili, na wale wanaume wamesimama tu, hawajui marungu wayaweke wapi.

"Mama, sisi tuliambiwa..." Mayige akaanza.

"Na nani?"

Joyness alikuwa amesimama kwenye ua, ananitazama mimi.

"Na mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeanza. Nilisema kisimani, na nilikuwa sijui ninachosema."

Mama mkwe hakugeuka. Aliendelea kufuta. Wanaume wakaondoka mmojammoja. Mayige alikuwa wa mwisho, na hakuaga.

Jioni nikaenda kwa Milembe, nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "kuitwa mchawi nimezoea. Kuoshwa uso na Kwandu ndiyo sijazoea. Niache kwanza nilizoee hili."

Shija aliporudi, tulimpeleka Milembe zahanati akapewa dawa ya macho. Jicho moja lilifunguka vizuri. Aliishi miaka sita mingine, na chakula chake kilipikwa kwetu. Wale wake wenza wakaanza kusemeshana, tena kwa kugombana kila siku, mpaka Shija akatamani wanyamaze tena.

Ndugu zangu, kitu kikipungua nyumbani kwako, ulizia ndani, tena kwa upole, hata kama jibu litachelewa. Ukishakipeleka kisimani kwa utani, kinarudi na watu wenye marungu.

Mimi nilibahatika. Nilikuwa na mama mkwe aliyekubali kuvunja kiapo chake hadharani ili kosa langu lisiue mtu.

Wengi hawana mtu kama huyo.