Alikimbia Goma bila kitu, leo anafufua mota za Katoro

Saa tatu asubuhi, Katoro. Agnetha Masalu ameinamia mota iliyoungua, anang'oa nyaya za shaba, na kila koili inayotoka anahesabu mizunguko yake kwa sauti, kwa Kisukuma. "Imo, ibili, idatu…"

Mteja aliyeketi kwenye benchi anataka kumsemesha. Agnetha anainua kidole: subiri. Hesabu ikipotea, mota itaungua tena.

"Mota haina huruma," anasema baadaye, akijifuta mikono kwa kitambaa. "Ukiipunja waya, itakuumbua mbele za watu."

Agnetha, 39, mzaliwa wa Kishapu, ni fundi wa kusuka mota, yaani kuzitia nyaya mpya zikiungua: za pampu, za mashine za kusaga, hata za feni. Wengi hapa humwita Mkongo kwa lafudhi yake. "Miaka kumi na moja Goma si mchezo," anacheka. "Lakini mimi Msukuma, na ng'ombe wa kwetu nimewachunga."

Alikwenda Goma mwaka 2014 kuuza vitenge. Biashara ilipodorora, akaomba kazi ya kufagia katika karakana ya fundi mzee, Papa Kambale. Alifagia miezi minne. Siku moja mzee alimkuta akipanga koili zilizotupwa, kila moja na saizi yake. Akamwambia aweke ufagio chini, avute kiti.

Januari 2025 mapigano yakaingia mjini. Siku mbili Agnetha alijificha chini ya meza ya kazi. Siku ya tatu alivuka mpaka kwa miguu kuingia Rwanda, akiwa na nguo alizovaa na simu iliyozimika. Zana zote zilibaki. Papa Kambale alikataa kuondoka.

"Aliniambia, 'Mimi ni wa hapa, mwanangu. Wewe una kwenu. Nenda,'" Agnetha anasimulia.

Huko Kishapu, mama yake, Scolastika, hakuwa amesikia sauti yake kwa siku tisa. Majirani walishaanza kuja kukaa naye. Jioni moja binti akatokea uani, akapiga goti: "Mwadila, mayu."

Mama hakuitikia salamu. Alimshika mikono, akaigeuza huku na huku.

"Nilikuwa nahesabu vidole," mama anasimulia. "Nilitaka kujua kama wamenirudishia mtoto mzima."

Maneno ya watu hayakukosekana. Miaka yote hiyo ugenini, hata bati moja hakurudi nalo! Agnetha aliyasikia kisimani, akayasikia na kanisani. Baada ya mwezi akapanda basi kwenda Katoro, akijua penye machimbo hapakosi mota. Karakana tatu zilimkataa. Ya tatu ilimwelekeza kwa mama lishe wa jirani, kwamba anatafuta mpishi.

Aliyempa kazi ni Stanslaus Magesa, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, nje kidogo ya mji. Duara lilikuwa limejaa maji. Mota ya pampu ilikuwa imesukwa mara mbili na kuungua mara mbili, na wachimbaji kumi na wanne walikuwa wamekaa siku nane bila kazi.

"Nilimpa kwa sababu sikuwa na pengine pa kuipeleka," Stanslaus anakiri. "Nikasema, imeshakufa, itakufa mara ngapi?"

Agnetha aliikalia siku mbili kwenye kibaraza cha chumba alichopanga. Akagundua waliomtangulia walipunguza mizunguko ili kubana waya. Akaisuka upya, akaipaka vanishi, akaianika juani. Siku ya kuijaribu, wachimbaji walisimama mbali, mikono kifuani. Swichi ikawashwa. Bomba likatikisika, likakohoa matope, kisha maji yakaja kwa nguvu.

"Hakuna aliyepiga makofi," anakumbuka. "Walikaa wakisubiri iungue. Saa ya kwanza, saa ya pili. Jioni mmoja akanijia: 'Shikamoo, fundi.' Na mvi zote zile, ni wa kumzaa mama yangu!"

Leo anasuka mota tano hadi saba kwa wiki, kwa Sh60,000 hadi Sh150,000 kila moja kulingana na ukubwa. Agosti alimwezekea mama yake nyumba upya. Moja ya karakana zilizomkataa sasa humletea mota zilizoishinda.

"Nazipokea, tena kwa heshima," anasema. "Mota haijui nani alinifukuza."

Papa Kambale yu hai, na hupiga simu kila Jumapili. Mwezi uliopita alimwomba arudi. Agnetha alimjibu, "Hapana, Papa. Nimeshafika kwetu."

Amenunua kiwanja Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, anakotaka kujenga karakana yake. Anasema pampu za visima zinaongezeka huko, na zikiungua husafirishwa mbali kutafuta fundi. Ili apewe kazi za taasisi anahitaji cheti, hivyo mwezi ujao atafanya mtihani wa mafundi waliojifunzia ujuzi kazini.

Anaogopa?

"Niogope nini? Nimesomea Goma, mtihani nafanyia nyumbani," anasema, akiivuta mota nyingine mezani. "Hao wasahihishaji waje tu."