Mchoro wa Kofia Niliouita Wangu

Mimba yangu iliharibika ikiwa ya miezi saba, na baada yake mikono ikagoma. Mimi niliyeshona kofia tangu utotoni Unguja nilikaa mwaka mzima nyumbani kwetu Khuwair, huku Uarabuni, nikiitazama televisheni iliyozimwa. Mume wangu akinisemesha, namkaripia. Asiponisemesha, namkaripia vilevile.

Aliyenitoa ni jirani yetu, bibi mmoja mkavu wa maneno. Katika miaka ile ya tisini, kila Alkhamisi alasiri sebule yake ilijaa wanawake wa kuchora na kushona kofia. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alinambia mlangoni. "Njoo ukae. Kushona si lazima."

Nikaenda nikakaa. Wiki nane sikufanya lolote ila kuwatungia wenzangu uzi kwenye sindano, na hakuna aliyenihimiza. Pembeni yangu alikaa Mkenya mmoja, Mkristo, mhudumu wa hoteli. Kushona alikuwa bado anajifunza, lakini kuchora! Akishika penseli, kitambaa kinajaa majani na nyota, sisi tumebaki kumtazama. Siku moja aliniwekea mapajani kitambaa alichokwisha kukichora.

"Dada, toboa tundu moja tu," akasema. "Ukichoka, wacha."

Nikatoboa moja, nikalizungushia uzi. Likafuata la pili. Siku ile nilirudi nyumbani nikapika, nikala, nikacheka na mume wangu, naye akanitazama kama mgeni.

Kofia ilinichukua miezi minne. Kwetu kofia ikisifiwa hutajwa wawili, aliyechora na aliyeshona. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Mtoto wa wifi yangu alipomaliza chuo nikampa kofia ile zawadi. Tulimfanyia chakula cha mchana hotelini, ikazunguka mezani mkono kwa mkono. Wifi yangu, aliyekuwa akiwaambia watu kuwa mimi nimekwisha, aliigeuza mara mbili.

"Kauchora nani mchoro huu?"

"Mie mwenyewe," nikajibu.

Hapo hapo nikasikia, "Dada, si umependeza leo!" Yule rafiki yangu Mkenya alikuwa amesimama nyuma yangu na birika la kahawa, anatabasamu. Hoteli ilikuwa ile anayofanyia kazi, na mimi sikuwa nimewahi hata kumuuliza ni hoteli gani.

"Unamjua huyu?" wifi akauliza.

"Simjui. Wahudumu ndivyo walivyo, wachangamfu."

Alinimiminia kahawa bila kumwaga hata tone. Asante ya punda ni mateke, na mimi nilipiga kwa miguu yote. Nilikuwa na aibu mpaka masikio yakaniwaka, lakini kahawa niliinywa.

Alkhamisi iliyofuata nilikwenda nikiomba asije. Alikuwepo, na nafasi yangu ubavuni pake aliiacha wazi. Siku hiyo alikuja mgeni, jamaa wa wifi yangu, anataka kofia kama ile.

"Nimeambiwa mchoraji ni wewe," akanambia.

Sebule nzima ilimjua mchoraji. Sindano zikasimama. Rafiki yangu, macho kwenye kitambaa chake, ndiye aliyejibu: "Ndiyo, ni yeye. Alichora mwenyewe."

Nikajishughulisha kutunga uzi. Yule bibi alinisukumia kitambaa cheupe na penseli.

"Basi mchoree mgeni, mwanangu. Sote tuone."

Niliishika penseli. Hata mstari mmoja haukuja.

"Si wangu," nikasema. "Kauchora yeye. Na kule hotelini nilisema simjui, kwa sababu alikuwa kashika birika."

Nilingoja rafiki yangu anitukane, na ningefurahi kama angenitukana. Alinyoosha mkono bila kunitazama, akaichukua penseli, akamgeukia mgeni.

"Unataka majani ama nyota?" akamuuliza.