Siku Niliyoitwa Mrefu Kuliko Wote

Jana hapa Lodwar mjukuu wangu alikaa mlangoni na kitabu chake, sauti inarukaruka kama mwanambuzi: "Tall, taller, tallest." Nikamwambia anyamaze kidogo.

"Nyanya, unaogopa Kiingereza?"

Kiingereza siogopi. Hayo maneno matatu ndiyo Kiingereza changu chote.

Nilisoma Kakuma, zamani, kabla ya kambi ya wakimbizi. Mwalimu alikuwa mtu wa kutoka Kenya, ndivyo tulivyosema, kana kwamba sisi hatumo. Siku hiyo alituita wasichana watatu mbele, akatugusa vichwani kwa chaki: tall, taller, na mimi, tallest. Darasa likapiga makofi. Ndugu zangu, sikuwahi kusifiwa hivyo. Nyumbani mama alikuwa akinikemea tu: "Inama! Wageni wakija, kaa chini. Unasimama kama ngamia, unatafuta nini?" Nilidhani ananionea haya.

Jioni nikakuta wazee kutoka Lopur wamekaa na baba, wanakunywa maziwa. Mama akanikonyeza nipite nyuma ya nyumba. Nikakataa. Nikaenda na shingo yangu juu mpaka katikati yao, nikasema, "Mwalimu amesema darasani hakuna msichana mrefu kama mimi!"

Wakacheka. Mzee mmoja akaweka kibuyu chini, akanitazama kuanzia miguuni, polepole, mpaka utosini. Akamgeukia baba.

"Wewe ulituambia bado ni mtoto."

"Mama yake ndiye husema hivyo," baba akajibu.

"Ni mtoto!" mama akadakia. "Ni miguu tu imekimbia mbele."

Akanivuta mkono niketi, na mimi, mjinga, bado nimesimama wima.

Mvua iliponyesha mifugo ya mahari ililetwa, nami nikapelekwa Lopur kuwa mke wa mtu. Shuleni sikurudi hata kuaga. Mume wangu hakuwa mbaya, na wajukuu nilio nao nawaringia mbele ya yeyote. Lakini binti yangu wa kwanza alipoanza kurefuka, wazee wakaanza kupitapita kwetu kusalimia, ejok, ejok, macho yao kwake, ndipo nilipomwelewa mama. Hakuwa akinionea haya. Kila aliponiinamisha, alikuwa akiniongezea muhula mmoja wa shule.